Kula Kiapo na Kulishwa Kiapo

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Kabla ya mengine yote hebu tazama sentensi hizi mbili:

Mzee alikula kiapo.
Mzee alilishwa kiapo.

Ukiletewa sentensi hizi katika mtihani utasema ya kwanza ni kauli ya kutenda na ya pili ni kauli ya kutendeshwa. Utapewa alama zako mbili na kwenda zako. Lakini katika sehemu zetu hizi za Embu na Meru tofauti ya sentensi hizo iliwahi kuwa jambo la kufungwa au kuachiliwa, na kuna watu walionyongwa kwa ajili ya silabi moja tu. Hayo ndiyo ninayotaka tujifunze pamoja katika makala haya. Nitapitia Uingereza ya miaka karibu elfu moja iliyopita, kwa sababu huko nako kuna kiapo kimoja kilichowatesa watu kwa swali hilohilo, kisha tutarudi nyumbani.

Kwanza tuutazame msemo wenyewe. Kiswahili husema mtu "anakula" kiapo. Husema pia "kula yamini", na yamini ni neno lililotoka Kiarabu lenye maana ya mkono wa kulia, ndio ule watu wanaoinua mahakamani. Wakikuyu na sisi Waembu husema mtu "amekunywa" muma. Yaani katika lugha hizi zote kiapo si maneno ya mdomoni tu. Ni kitu kinachoingia tumboni na kukaa humo. Ukivunja ahadi, kile ulichokula kitakugeuka kikiwa ndani yako. Ndiyo maana mtu anayeapa kwa uongo haogopi polisi peke yake, anaogopa hata kikohozi.

Kitenzi "la" ni cha silabi moja, na wengi wetu hukichanganya tunapokinyambua. Huwa hivi: la, lia, liwa, lika, lisha, lishwa. Mtoto hulishwa uji, ng'ombe hulishwa nyasi. Anayelishwa hachagui chakula. Sasa linganisha na kitenzi "apa". Rais wa nchi huapishwa na Jaji Mkuu, na kuapishwa ni heshima kubwa, watu huvaa suti na bendi hupiga. Lakini hutasikia mtangazaji akisema kwamba Jaji Mkuu amemlisha Rais kiapo! Kauli ni ileile ya kutendesha, lakini moja ina zulia jekundu na nyingine ina panga. Mimi naona Kiswahili kiliona mbali sana hapo.

Sasa twende Uingereza. Mnamo mwaka 1064 hivi mfalme wa Uingereza alikuwa Edward, mzee asiye na mtoto. Kabaila mkubwa kuliko wote chini yake alikuwa Harold mwana wa Godwin, mkuu wa jimbo la Wessex. Harold huyu alivuka bahari akafika Ufaransa, akakamatwa pwani na mtawala mmoja mdogo aliyeitwa Guy wa Ponthieu. William, mtawala wa Normandy, akamtoa mikononi mwa Guy na kumchukua kwake. Akamkaribisha, akamlisha (chakula, si kiapo!), akaenda naye vitani. Mgeni alitendewa vizuri, lakini mgeni huyo hangeweza kurudi kwao mpaka mwenyeji aseme ndiyo. Tena ndugu yake Harold aliyeitwa Wulfnoth alikuwa mateka kwa William tangu zamani.

Kabla ya kuruhusiwa kurudi kwao, Harold aliapa. Kwa mujibu wa padri wa William, aliyeandika habari zake baadaye, Harold aliapa kuwa mtu wa William katika nyumba ya mfalme, na kumsaidia apate ufalme Edward akifa. Iko picha ya tukio hilo mpaka leo. Ni kitambaa kilichotariziwa kwa nyuzi za sufu, urefu wake karibu mita 70, na kinajulikana kwa jina la mji wa Bayeux. Humo Harold amesimama kati ya masanduku mawili yenye masalio ya watakatifu, mkono mmoja juu ya hili na mkono mwingine juu ya lile. William ameketi kitini akimwonyesha kidole. Maandishi ya Kilatini yaliyo juu ya picha yanasema tu kwamba hapo Harold alimwapia William. Alimwapia: kauli ya kutendea. Hakuna neno la nguvu.

Baadaye sana, katika karne ya 12, mshairi mmoja wa Normandy aliyeitwa Wace aliongeza chumvi. Alisimulia kwamba William aliijaza sanduku mifupa ya watakatifu wote aliowapata, akaifunika kwa kitambaa, na Harold akaapa bila kujua amewekea nini mkono. Kitambaa kilipoondolewa, akashtuka. Sijui kama wewe unaamini. Mimi naona kwamba hata Wanormandi wenyewe, ambao kiapo hicho kiliwafaa, walihisi lazima palikuwa na hila fulani, la sivyo mtu mwenye akili kama Harold hangeahidi kugawa ufalme usio wake.

Edward alifariki tarehe 5 Januari 1066. Kesho yake Harold akatawazwa kuwa mfalme. William akapiga kelele kila pembe kwamba Harold ni mvunja kiapo, akapeleka mashtaka mpaka kwa Papa, akavuka bahari na jeshi. Tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo Harold aliuawa karibu na Hastings, na Wanormandi wakaitawala Uingereza.

Hapa ndipo pana utamu wa somo letu. Waandishi wa Normandy walisema, kwa lugha yetu, kwamba Harold alikula kiapo. Mtawa mmoja Mwingereza wa Canterbury aitwaye Eadmer yeye alieleza kwamba Harold alikwenda kuwaomba jamaa zake waliokuwa mateka, akajikuta amenaswa, akaona hakuna njia ya kutoka ila kukubali kila alichotaka William. Yaani alilishwa. Na kitabu kikuu cha matukio ya mwaka kwa mwaka cha Waingereza wa wakati ule hakikitaji kiapo hicho kabisa, kana kwamba hakikuliwa wala hakikulishwa. Mambo ni yaleyale, mtu ni yuleyule, lakini kila upande umechagua kitenzi chake.

Mtu anaweza kuuliza, haya ya makabaila wa Ulaya yanatuhusu nini sisi tunaoishi chini ya Mlima Kenya? Yanatuhusu. Miaka 886 baada ya Harold kufa, serikali ya Uingereza hiyohiyo ilikuwa huku kwetu ikiuliza kila mtu: umekula viapo vingapi, na nani alikulisha?

Viapo havikuletwa na Mau Mau. Vilikuwako tangu jadi. Jomo Kenyatta katika kitabu chake *Facing Mount Kenya* cha mwaka 1938 ameeleza viapo vya Wakikuyu kwa daraja. Muma ulikuwa wa mambo madogo. Kuringa thenge kulikuwa kwa kesi za mali na deni: beberu huvunjwa mifupa kwa jiwe huku mwapaji akisema avunjwe vivyo hivyo ikiwa anadanganya. Githathi, jiwe lenye matundu, lilikuwa la kesi nzito kama mauaji. Upande wa Meru, wazee wa Njuri Ncheke, ambao makao yao makuu yako Nchiru, walitumia beberu vilevile, nao humwita nthenge. Mpaka miaka hii yetu kesi za mashamba kule Meru zimepelekwa kwa nthenge, na nyingine zimetajwa mpaka mbele ya majaji.

Viapo hivyo vya jadi vilikuwa na masharti. Vilifanywa mchana, mbele za watu, wazee wakishuhudia. Wanawake hawakuapishwa. Baada ya kuapa watu walingoja misimu waone kama kiapo kitampata mtu wa familia ya mwapaji. Na jambo kubwa zaidi ni kwamba mwapaji alikuja mwenyewe kwa sababu alitaka kusafisha jina lake. Ungemkamata mtu usiku na kumwekea panga shingoni ili aape, wazee wa zamani wangeona ajabu. Mtu aliyeshikwa na hofu ya panga atakuwaje na hofu ya kiapo?

Mau Mau waligeuza karibu kila sharti. Kiapo cha umoja kilifanywa usiku, ndani ya nyumba au kwenye migomba. Palijengwa tao la migomba na miwa, watu wakapita chini yake mara saba. Walivua viatu, saa na kila kitu cha Kizungu. Walionja nyama ya mbuzi mara saba, walishika udongo, wakaapa kutotoa siri, kutouza ardhi kwa mgeni, na kusaidia mapambano wakiitwa. Wanawake waliapa, vijana waliapa. Wengi waliingia kwa moyo wao wote. J. M. Kariuki, aliyekuja kuwa mbunge na kuuawa mwaka 1975, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1963 jinsi alivyotoka hapo akijiona mtu mpya. Huyo alikula. Lakini wengine walialikwa kwa chai au kwa sherehe, wakafika wakakuta mlango umefungwa nyuma yao. Hao walilishwa. Na Wakristo wa uamsho walikuwapo waliokataa wakisema kwamba wameshakunywa damu ya Yesu na hawawezi kunywa ya mbuzi, na baadhi yao waliuawa kwa kukataa.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Kutoka hapo makabila yetu matatu, Kikuyu, Embu na Meru, yaliwekwa kapu moja. Na hapa sarufi iliingia mahakamani. Mtu "aliyekula" kiapo alipelekwa kizuizini au jela. Mtu "aliyelisha" kiapo, serikali ilifanya kosa lake kuwa la kunyongwa. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika vita vile kwa makosa mbalimbali, na kulisha kiapo kulikuwa mojawapo. Kwa hiyo ile silabi "sha" tunayoisahau katika zoezi la mnyambuliko ilikuwa kitanzi.

Na yule "aliyelishwa" je? Msomaji atadhani aliachiliwa kwa sababu hakutaka. Si rahisi hivyo. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu, tangu ukoloni mpaka leo, inasema kwamba mtu aliyekula kiapo haramu hawezi kujitetea kuwa alilazimishwa, ila tu awe alikwenda kuripoti katika siku chache baada ya kukila. Sasa fikiria mama wa kijijini mwaka 1953. Usiku ameapa kwamba akitoa siri kiapo kimwue, na waliomlisha wamesimama hapo na mapanga, tena ni majirani zake. Asubuhi sheria inamtaka aende kituoni kwa miguu kutoa siri hiyo. Akienda, anavunja kiapo na huenda asifike nyumbani. Asipoenda, kwa serikali yeye si aliyelishwa tena, amekula. Sheria imembadilishia kitenzi bila yeye kufungua mdomo.

Serikali nayo ikaanza kulisha. Ilileta viapo vya kutakasa, vya kuapa kinyume cha kile cha kwanza, vikifanywa na wazee waliolipwa kwa kazi hiyo. Dakta Louis Leakey, yule mchimbaji wa mifupa ya kale aliyekua akisema Kikuyu kama mwenyeji, alisisitiza kwamba kiapo cha usiku na cha nguvu kilivunja mila na kwa hiyo kingeweza kufutwa kwa mila. Hoja yake ina akili. Lakini watu waliokusanywa na homgadi uwanjani ili watakaswe, je, hao nao walikuja kwa hiari? Kama nguvu inabatilisha kiapo cha usiku, inabatilisha na cha mchana. Dawa ya moto ni moto, sawa, lakini hapa moto wote ulikuwa katika tumbo la mtu mmoja.

Nyanya aliyemlea baba yangu, ambaye sasa ana miaka 90 hivi, ni mmoja wa watu hao. Alikuwa msichana upande wa Runyenjes. Nilipomwuliza kwa ajili ya makala haya hakusema hata mara moja kwamba alikula. Alisema "nililishwa cha usiku, halafu nikalishwa cha mchana." Nikamwuliza, "Nyanya, cha usiku ulilishwa na nani?" Akanyamaza, akaendelea kuchambua maharagwe yake. Baba ameniambia kwamba mtu huyo alikufa zamani, na kila mtu wa rika la Nyanya anajua ni nani, lakini yeye hajamtaja na hatamtaja. Miaka zaidi ya 70! Kiapo alicholazimishwa, ambacho sheria ilimwadhibu nacho na wazee wa serikali wakakifuta, yeye bado anakitunza. Nilipomwuliza kile cha mchana kilisema nini, alisema amesahau.

Turudi kwa historia. Waliokataa kukiri walipelekwa kambini. Kambi kadhaa zilikuwa Mwea, ambayo wakati ule ilikuwa ndani ya wilaya ya Embu (leo iko Kirinyaga). Huko ndiko wafungwa walikochimba mifereji ya mashamba ya mpunga wa Mwea-Tebere, ule mchele tunaonunua sokoni kwa sifa. Kukiri kiapo ndio ulikuwa ufunguo wa kutoka. Watu walipigwa ili waseme walikula, na wakisema walikula wanaitwa wamepona. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa wazee 5,228 fidia ya jumla ya pauni milioni 19.9 kwa mateso ya kambi zile.

Upande wa pili palikuwa na cheti cha uaminifu. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru aliyethibitishwa kuwa mtiifu kwa serikali alipewa cheti, na mwenye cheti alitembea na kufanya biashara kwa nafuu kuliko wenzake. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Makabila mengine yalitimiza masharti ya elimu, mali na mengineyo. Watu wetu walitakiwa wawe na hayo pamoja na cheti cha uaminifu juu yake. Vyeti vilikuwa vingi zaidi Meru kuliko Ukikuyuni, kwa hiyo Bernard Mate wa kutoka Meru alimshinda Eliud Mathu, mtu aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza hilo mwaka 1944. Wengi husoma matokeo hayo kama ukabila tu. Mimi nadhani huwezi kuyaelewa bila kujua nani alihesabiwa kuwa amekula kiapo na nani hakuhesabiwa. William naye alipata Uingereza kwa hesabu ya namna hiyo.

Nisisahau waliokula kwa hiari na kukishika. Musa Mwariama wa Meru alikaa msituni mpaka uhuru wa mwaka 1963, hakukamatwa. Baimungi, wa Meru pia, alitoka msituni na watu wake wakati wa uhuru, akaona ardhi waliyoshikia udongo wakiapa haikugawiwa wao, akarudi msituni. Mwaka 1965 aliuawa na majeshi ya serikali, na safari hii serikali yenyewe ilikuwa ya Kenyatta. Mau Mau kama chama iliendelea kuwa haramu katika vitabu vya sheria mpaka mwaka 2003. Kwa miaka 40 ya uhuru, karatasi za serikali ziliendelea kusema kwamba wazee wetu walikula kitu haramu.

Je, Harold alivunja kiapo? Katika klabu tulibishana jambo hili wiki mbili mfululizo. Wengine walisema ahadi ni deni, na ukishaweka mkono juu ya mifupa ya watakatifu umekwisha. Wengine walisema deni ni lile ulilokopa, siyo lile ulilobandikwa. Mimi niko na kundi la pili kwa Harold, lakini kwa Nyanya nashindwa, maana yeye mwenyewe hakubaliani nami.

Kwa wenzangu wa Kidato cha Tatu na cha Nne, hili hapa ni zoezi. Badilisha sentensi "Harold alikula kiapo" iwe katika kauli ya kutendesha. Ukiandika "Harold alilisha kiapo" umekosa, kwa sababu umemfanya Harold mlishaji. Jibu ni "William alimlisha Harold kiapo." Mtenda amekuwa mtendwa, na ilibidi tumtafute mtu wa kukaa mwanzo wa sentensi. Sasa fanya vivyo hivyo na "Nyanya alikula kiapo." Ukikosa jina la kuweka mwanzoni, acha nafasi wazi. Majibu yapelekwe kwa mwalimu mlezi wa chama kabla ya Ijumaa.